Pete ndogo ya duyi: namna kofia ya taa ilivyofika Kalemie, na kwa nini tusiifunge juu ya ampule

Na mwandishi wetu, Kalemie

Majuzi jioni niliitwa haraka na majirani, upande wa Lukuga. Kuna mama mmoja aliyekimbia vita katika eneo la Nyunzu pamoja na watoto wake. Alikaa kwanza kambini, leo anapanga chumba kimoja mjini. Katika chumba hicho taa ni moja tu: ampule ya zamani, yenye uzi unaowaka ndani, inaning'inia katikati kwa waya wake. Mwanga wake ulikuwa unawachoma watoto macho. Basi mama akachukua kipande cha kitenge, akakishona kama kofia, akakifunga kwa uzi juu ya ampule yenyewe.

Umeme ulirudi saa mbili ya usiku. Haikupita nusu saa, kitenge kikaanza kunuka, kikashika moto, kikaangukia mkeka ambapo mtoto mdogo alikuwa amelala. Dada yake mkubwa alikuwa macho. Akamvuta mtoto kwa mkono, mama akamwaga ndoo ya maji kwenye mkeka. Hakuna aliyeungua, lakini mkeka uliisha, na kitenge pia.

Nilipofika, yule mama hakulia wala hakulaumu mtu. Aliniuliza swali tu:

“Papa mwandishi, kule Nyunzu, kwenye nyumba za reli, zamani kulikuwa taa zenye kofia ya chuma. Nimeziona nikiwa mtoto. Hazikuungua na hazikuanguka. Walizifunga namna gani?”

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme miaka mingi hapa mjini. Alinisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa limejaa visi na vipande vya zamani. Akaniwekea mkononi pete moja nyeusi, nyepesi, yenye meno ya visi ndani.

“Mwanangu,” akasema, “jibu la mama ni hili. Ampule haibebi kitu. Waya haubebi kofia. Ni duyi ndiyo inabeba.”

Duyi, kwa ambao hawajui, ni kile kikombe kidogo ambamo ampule inaingia. Ndugu wasomaji, na ninyi mnaotusikiliza kwenye redio, historia ya pete hiyo ni ndefu kuliko nilivyodhani, na ndani yake imo historia ya mji wetu.

Zamani moto ulipanda juu

Kabla ya umeme, taa zote zilikuwa na moto, na moto siku zote unapanda juu. Koroboi, taa ya petroli yenye kioo, taa za gesi za miji ya Ulaya: zote zilisimama wima. Kofia ya taa za namna hiyo haikuhitaji kufungwa sana. Fundi aliweka kiti kidogo cha chuma chenye vidole kuzunguka kioo, kofia ikakaa juu yake kwa uzito wake. Kama sufuria juu ya mafiga, inatulia kwa sababu iko juu ya kitu.

Mwaka 1879, Thomas Edison huko Marekani na Joseph Swan huko Uingereza walionyesha ampule za umeme ambazo zingeweza kutumika nyumbani. Watu walishangazwa na mwanga usiokuwa na moshi. Lakini mafundi waliona jambo lingine pia: kwa mara ya kwanza taa iliweza kuning'inia kichwa chini, ikaangaza moja kwa moja mezani au kwenye mashine. Hapo ndipo shida ya kofia ilipozaliwa. Taa ikiangalia chini, kofia haina mahali pa kukaa. Kila saa uzito wake unaivuta ianguke. Lazima kitu fulani kiishike.

Mafundi wa siku zile walijaribu njia tatu. Ya kwanza, kofia ishikwe na ampule, kwa vidole vya waya vinavyobana kioo. Ya pili, ishikwe na waya wa umeme unaoshuka kutoka juu. Ya tatu, ishikwe na duyi.

Njia ya kwanza ilionekana rahisi sana, na kwa ampule za mwanzo haikuwa na hatari kubwa. Ampule za kaboni zilikuwa na mwanga hafifu. Ile ya kawaida ilihesabiwa sawa na mishumaa 16. Baadaye ukaja uzi wa tungsteni. Na mwaka 1913, Irving Langmuir wa kampuni ya General Electric akaonyesha kwamba ukijaza gesi ndani ya kioo, uzi unaweza kuwaka kwa joto kali zaidi bila kuisha upesi. Mwanga ukaongezeka sana, hata jicho likashindwa kuitazama ampule iliyo uchi. Sasa kofia ikawa ya lazima. Lakini kioo nacho kikawa cha moto zaidi. Ampule ya wati 60 ya namna hiyo, kioo chake kinapita joto la maji yanayochemka. Ukiifunga nguo juu yake, umeweka nguo jikoni.

Njia ya pili ina ubaya wake. Waya umetengenezwa kupitisha umeme. Ukiufanya kamba ya kubebea mzigo, kila upepo ukipita mzigo unacheza, na waya unavutwa pale ulipofungwa ndani ya duyi. Mwisho wake ngozi ya waya inapasuka, nyaya mbili zinagusana, cheche zinatoka.

Kwa hiyo njia ya tatu ndiyo iliyoshinda. Wamarekani walipenda kishikio chenye visi tatu pembeni, vinavyobana mdomo wa kofia ya kioo. Ulaya walikuja na njia nyepesi zaidi. Sehemu ya nje ya duyi ilichongwa meno ya visi, kama shingo ya chupa. Kofia ikatobolewa tundu juu, duyi ikapita katika tundu hilo, na pete ikakazwa kwa mkono ili kuibana kofia. Hakuna bisibisi, hakuna nyundo. Mtoto wa shule anaweza kuifanya. Na kofia ikishabanwa, hata ampule ikiondolewa, kofia inabaki palepale.

Ziwa moja, duyi mbili

Sasa jambo linalotuhusu sisi watu wa ziwa. Dunia haikukubaliana kuhusu duyi. Edison alitumia visi: ampule inazungushwa mpaka inakaza. Ile ya kawaida huku kwetu inaitwa E27; E ni kwa jina la Edison, na 27 ni upana wake kwa milimita. Waingereza walifuata njia ya bayonete: ampule ina misumari miwili pembeni, unaisukuma, unaizungusha kidogo, inajifunga. Hiyo ni B22, kwa sababu upana wake ni milimita 22.

Wabelgiji walizoea visi, nasi tulikuwa chini yao. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, walikuwa chini ya Waingereza, na bayonete ikaenea kule. Bidhaa zinavuka ziwa kila siku, basi leo katika soko letu utapata zote mbili kwenye meza moja.

Hilo ndilo linalowachanganya watu wanaponunua kofia. Kofia iliyotengenezwa kwa duyi ya visi ya Ulaya ina tundu la karibu milimita 40. Iliyotengenezwa kwa duyi ya bayonete ina tundu dogo, karibu milimita 28. Hii ndogo haiingii kwenye duyi yetu kubwa. Na ile kubwa ukiiweka kwenye duyi ya bayonete, pete inapita ndani ya tundu na kofia inaanguka. Wengi wakiona hivyo, wanatupa pete, wanachukua waya au uzi, wanafunga kofia juu ya ampule. Kosa halikutoka kwao. Ni watu wa nchi mbili za mbali waliochora vipimo viwili. Lakini nyumba inayoungua ni ya kwetu.

Taa zilivyofika Albertville

Mji wetu ulianza kama ngome. Kapteni Jacques, Mbelgiji, aliijenga mwishoni mwa mwaka 1891, akaiita Albertville. Mwaka huohuo 1891, huko Eindhoven, Uholanzi, kampuni ya Philips ilianzishwa kwa ajili ya kutengeneza ampule. Wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba vitu hivyo viwili vitakutana.

Vilikutana kwa njia ya reli. Mwaka 1915 reli ya CFL kutoka Kabalo, ikipita Nyunzu, ilifika ziwani. Bandari ikajengwa, karakana zikafuata, makaa ya mawe yakachimbwa karibu na mji, kule Greinerville. Karakana ya reli ni mahali pa hatari bila mwanga mzuri: mtu anachonga chuma usiku, mkono uko karibu na mashine. Katika kazi za namna hiyo, dunia nzima ilitumia kofia pana za bati lililopakwa enameli, nje kijani au nyeusi, ndani nyeupe. Ule weupe wa ndani una kazi yake: unachukua mwanga unaopotea juu na kuurudisha chini kwenye mkono wa mfanyakazi. Ukiweka kofia nzuri, ampule ileile inaangaza meza vizuri zaidi bila kuongeza umeme wowote.

Na duyi yenyewe ilibadilika. Za mwanzo zilikuwa za shaba nyekundu au ya njano nje, na kauri ndani. Shaba inapitisha umeme. Waya ukilegea ndani, kofia ya bati nayo inaweza kumpiga mtu. Mwaka 1907, Leo Baekeland, mtu aliyezaliwa Ghent nchini Ubelgiji na kuhamia Marekani, aligundua bakelite, kitu kigumu kama pembe ambacho hakipitishi umeme na hakiyeyuki kwa joto la taa. Ile pete nyeusi ambayo mzee alinipa mkononi ni ya bakelite. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana haikupata kutu hata baada ya miaka yote hiyo ndani ya kopo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha nguo cha Filtisaf kiliongeza kazi mjini. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 sentrali ya Bendera, kwenye mto Kyimbi kaskazini ya mji, ikaanza kutuletea umeme wa maji. Lakini tuseme ukweli: kama katika miji mingine ya Kongo ya Wabelgiji, taa zilianza upande wa Wazungu, ofisini, bandarini na kazini. Baba zetu waliijua kofia ya taa kazini kwanza, wakarudi jioni kwenye nyumba zenye koroboi. Wengi walikuwa wanajua kuikaza pete ya duyi kabla hawajawa na duyi yao wenyewe.

Vita, tetemeko, na pete zilizopotea

Mwaka 1965 sentrali ya Bendera yenyewe iligeuka uwanja wa vita. Ernesto Che Guevara na Wakuba wake, waliovuka ziwa kutoka Kigoma kuwasaidia waasi, waliingizwa katika mpango wa kushambulia kambi ya jeshi iliyokuwa pale. Shambulio la mwisho wa Juni mwaka ule, lililofanywa na Wakuba pamoja na wapiganaji wa Rwanda, lilishindwa, na Wakuba wanne walikufa. Mwaka uliofuata, 1966, Albertville ikaitwa Kalemie. Mwaka 1970 SNEL ikaundwa.

Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Filtisaf ilinyamaza. Wakati wa vita mtu anaponyang'anya nyumba, hachukui ukuta. Anachukua kinachobebeka: waya, swichi, duyi, kofia. Aliyebaki ananunua duyi ya bei ya chini, na ile ya bei ya chini mara nyingi ni laini upande wa nje. Haina meno, haina pete. Hivi ndivyo kitu kidogo kinavyopotea katika mji. Hakuna aliyekipiga marufuku. Kiliacha tu kupatikana, na watoto wakakua bila kukiona.

Tarehe 5 Desemba 2005 tulipata somo lingine. Tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 6.8 lilipiga ziwa letu. Nyumba zilibomoka Kalemie, na kuna watu waliokufa. Wale tuliokuwepo tunakumbuka kila kilichoning'inia kilivyocheza. Sisi tunaishi juu ya bonde ambalo ardhi yake haijalala. Kitu chochote kinachoning'inia juu ya kitanda cha mtoto, hasa cha kioo au cha chuma, lazima kishikwe na kitu kisichoteleza. Uzi juu ya kioo cha ampule si mshiko.

Tangu 2016, mapigano kati ya Wabatwa na Waluba, na baadaye mashambulizi mengine, yameleta familia nyingi mjini na pembezoni, Katanika, Kalunga na kwingine. Nyumba za kambi ni za majani, miti na hema. Moto katika nyumba kama hiyo haungoji mtu kuita majirani mara mbili. Na wale waliohamia katika vyumba vya kupanga wanakuta umeme ambao hawakuufunga wao, na hawajui nani aliufunga.

Namna ya kuikaza

Mzee alinionyesha kazi yote mbele ya yule mama. Naiandika kama alivyoifanya.

Kwanza, zima umeme kwenye kikata, si kwenye swichi ya taa peke yake, kwa maana katika nyumba nyingi swichi imefungwa kwenye waya usio sahihi na duyi inabaki na umeme. Ngoja ampule ipoe, kisha itoe. Pili, tazama nje ya duyi: kama ina meno na pete, fungua pete. Kama ni laini, nunua duyi yenye pete. Tatu, pitisha kofia, kaza pete kwa vidole mpaka kofia haichezi. Usitumie koleo, bakelite inapasuka. Tundu la kofia likiwa pana kuliko pete, weka kati yake kisahani cha bati chenye tundu dogo. Nne, rudisha ampule na uangalie: kofia isiguse kioo popote, vidole viwili vipite kati yao.

Kama duyi yenye pete haikupatikana, kofia ifungwe kwa kamba yake yenyewe kwenye mti wa paa. Waya wa umeme usiguswe. Na kofia iwe ya bati. Kitenge, karatasi, chupa ya plastiki na kikapu visikaribie ampule ya uzi hata siku moja.

Ampule za LED zina joto kidogo kwenye kioo, lakini joto lao liko shingoni, karibu na duyi. Kofia inayobana shingo ile inaziua upesi. Acha hewa ipite.

Jambo la mwisho ni kwa familia zenye taa za jua. Ampule za volti 12 zinazouzwa na paneli ndogo nyingi zina visi ileile ya E27. Zinaingia vizuri kabisa katika duyi ya umeme wa nyumba wa volti 220, na zinapasuka hapohapo. Visi kukubali haina maana umeme unakubali. Soma namba iliyoandikwa kwenye ampule kabla ya kuizungusha. Kama hujui kusoma, mpe mtoto wa shule akusomee.

Taa ya mama

Mzee hakuuza pete yake. Alichukua bakuli la enameli lililochakaa, jeupe ndani, lenye ua la buluu pembeni. Lilikuwa na tundu chini, halifai tena kwa chakula. Alilipanua tundu lile polepole kwa tupa mpaka duyi ikapita, akalainisha ukingo usikate, akabadilisha duyi ya chumba, akakaza pete. Kazi ilichukua muda wa chini ya saa moja.

Umeme uliporudi, mwanga ulishuka mezani na ukuta ukabaki na kivuli. Mtoto mdogo alilala upande wa kivuli. Mama alilitikisa bakuli kwa fimbo ya ufagio, mara tatu, kwa nguvu. Halikucheza.

“Papa fundi,” akasema, “ya jirani yangu nayo imefungwa na kitenge.”

Mzee alitazama kopo lake. Pete zilizobaki ni nne. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna sanduku la vipande vya zamani, vya baba au vya babu aliyefanya kazi ya reli, bandari au kiwanda, lifungue. Tafuta pete nyeusi yenye meno ndani. Usiitupe, na usimpe mtoto aichezee. Kuna mtu katika barabara yenu anayeihitaji usiku huu.